Hema la Baba Mwingine

Jumatano ya Majivu Lisette alipiga magoti mbele ya altare, akapakwa majivu kwenye paji la uso, akaomba kwa moyo wake wote. Na alichokiomba kilikuwa kisasi.

Hakukiita hivyo. Alisema, "Bwana, nipe haki yangu." Lakini kila alipotamka neno haki aliuona uso wa mwanamke mmoja tu, Mama Consolate wa Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani, ameketi mbele ya wageni wake akiwa hana la kusema, kitenge cha hariri kikimteleza begani asijue kukirudisha. Picha hiyo ilimtambaa mwilini kama uji wa moto kwa mtu aliyeshinda njaa. Akafanya ishara ya msalaba, akatoka nje.

Na nje, kando ya gari jeupe, alikuwa amesimama Valéry, mtoto wa mwanamke huyo.

Alikuwa amekonda. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa yale yale mapole ambayo zamani yalimfanya Lisette asahau katikati alichokuwa akisema.

"Lisette," alimwita. "Sijui hata nianzie wapi."

Waumini walikuwa wakiwapita pande zote mbili, kila mmoja na doa lake la majivu. Lisette alikuwa amejiapiza kwamba siku akimwona Valéry atampita kama mtu anavyopita gogo la njiani. Badala yake alisimama. Wazo lilimjia likiwa zima, na papo hapo akaona kwamba sala yake imejibiwa kabla majivu hayajakauka.

"Anzia popote," akamwambia, kwa sauti tamu.

Ubaya wa sauti ile tamu hauwezi kueleweka bila kuijua siku ya hema.

Lisette alikuwa binti wa Byamungu, seremala wa Uvira, Kongo, aliyevuka mpaka zamani pamoja na mkewe Dorothée, mtoto mgongoni na vyombo kichwani, akaanza maisha upya katika mtaa wa Kanyosha. Mtoto yule wa mgongoni alikua, akafungua saluni yake karibu na barabara, akawa ndiye anayesuka maharusi wa nusu ya mtaa. Ni kwenye harusi mojawapo ambapo Valéry alimwona. Walipendana kwa namna ambayo watu walipowaona pamoja walitabasamu bila kujua. Mama Consolate alipinga, akanuna, akapinga tena, mwishowe akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa kukubali. Siku ikapangwa ya gusaba, siku ambayo upande wa kijana huja kuomba mchumba na wasemaji wa pande mbili hushindana kwa methali na utani mpaka binti anapotolewa.

Byamungu aliambiwa atafute msemaji, maana Kirundi chake kilikuwa bado kina lafudhi ya ng'ambo. Akakataa. Alisema binti ni wake, atamsemea mwenyewe. Basi kila asubuhi, akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo uani, alisikika akijifunza salamu na methali, akikosea, akirudia.

Siku ilipofika hema jeupe lilisimamishwa, viti vikaazimwa parokiani, pombe ya ndizi ikaletwa. Wageni wa Byamungu walikaa. Wa upande wa pili hawakuja. Jua liligeuka, watoto wakasinzia mapajani mwa mama zao, wazee wakaanza kuangalia viatu vyao. Jioni likaja gari moja tu, na ndani yake alikuwamo Shakuru, shoferi wa Kiriri. Alitoa mguu mmoja tu nje ya gari. Alisema familia inaomba radhi, haitakuja, wala wasiwekewe siku nyingine. Maneno yenyewe ya Mama Consolate yalifika baadaye kwa midomo ya watu: kwamba hawezi kuunganisha damu yake na watu waliovuka mpaka na mafurushi kichwani.

Byamungu alisimama katikati ya hema, akawashukuru wageni kwa Kirundi kile alichojifunza, neno kwa neno, akawasihi wale chakula. Hakuna aliyekula. Tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye kwaya aliyoiimbia miaka yote, na Jumapili alikwenda misa ya alfajiri ili asikutane na nyuso za watu. Na Valéry hakupiga simu. Alipata kazi Gitega, akakaa huko.

Sasa alikuwa amerudi, na pale kando ya gari alieleza yaliyomleta. Mama yake amempatia mchumba, anaitwa Ingrid, binti wa mzee Darius. Gusaba itakuwa Jumamosi baada ya Pasaka, maana Kwaresima si wakati wa sherehe. Akasema Ingrid ni msichana mzuri, ila moyo hauamrishwi.

"Ni wewe tu, Lisette. Mi nilijaribu, sikuweza."

Lisette alitazama chini ili asionekane anachofikiri. Alifikiri hivi: atamrudisha mikononi. Atamfanya aivunje ile gusaba siku ile ile, saa ile ile, watu wakiwa wamekwisha kukaa. Mama Consolate, aliyetangaza ndoa hiyo kila mahali, atakosa pa kuweka uso. Na Valéry akija kwake mbio, amewaacha wote, naye atamfungia mlango.

Hakuna aliyefunga Kwaresima ile kama Lisette. Hakugusa nyama wala bia, chai alikunywa bila sukari, na kila Ijumaa alifuata Njia ya Msalaba kituo kwa kituo mpaka magoti yakamuuma. Kisha, akitoka, aliingia katika gari jeupe.

Jambo ambalo hakulipanga ni moyo wake mwenyewe. Alidhani ataigiza mapenzi kama mtu anavyovaa nguo ya kuazima, akimaliza anairudisha. Lakini nguo ile ilikuwa yake tangu zamani, na ilimkaa. Valéry aliposhika kifundo cha mkono wake, damu ilimwenda kasi kana kwamba haikusikia habari za hema. Alipocheka, Lisette alicheka kabla hajakumbuka kwamba anajifanya. Akirudi nyumbani alijikasirikia, akamkasirikia Valéry, na hasira yote akaibeba kuipeleka Kiriri, mlangoni kwa Mama Consolate, kama kuni anazoongeza kwenye moto ule ule.

Mama yake alijua. Dorothée alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku alipolitaja alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, katika ungo.

"Nimesikia gari ile imeanza kukuleta," alisema bila kuinua macho.

"Maman, usiogope."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. We unaenda kumushika nyoka mwenyewe." Akatupa kichwa cha samaki pembeni. "Unamupenda, ao unamuchukia?"

Lisette alisema yote mawili yanawezekana. Dorothée akamwambia hilo ndilo linalomwogopesha, kwa sababu mtu anayechukia tu atachoka, na anayependa tu atalia, lakini mwenye vyote viwili anaweza kuchoma nyumba akiwa yeye mwenyewe yumo ndani.

Ijumaa moja Valéry alimpeleka kwenye baa ya ufukweni. Jua lilikuwa bado juu, ziwa limetulia, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana karibu kama ukuta wa jirani. Valéry aliagiza mishikaki ya mbuzi. Ilipoletwa, ikitoa mvuke na harufu ya pilipili, Lisette alisogeza sahani upande wa Valéry.

"Ijumaa leo. Na ni Kwaresima."

"Chérie, Mungu hana muda wa kuangalia mutu amekula nini." Alichukua kipande, akakipeleka karibu na midomo ya Lisette, akitabasamu. "Kimoja tu. Nani atajua?"

Lisette aligeuza uso. Njaa yake ilikuwa ya kweli, na mkono ule aliujua vizuri. Akautoa taratibu, akauweka mezani, akausahau wake juu yake.

"Hebu niambie jambo moja," alisema. "Siku yenyewe ya gusaba, utafanyaje?"

Valéry aliangalia ziwa. Alisema ameifikiria sana. Akimwambia mama yake mapema, kutakuwa na vilio, na wajomba wataitwa. Ni afadhali asiseme lolote. Siku hiyo ataamka mapema aende Gitega, azime simu. Wazee wakishavaa na kumtafuta wakamkosa, hawatakuwa na la kufanya.

"Na kule kwa binti? Watu watakuwa wanangoja."

"Nitamutuma Shakuru," alisema Valéry. "Atawaambia."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeagiza chumvi. Lisette alimkumbuka Shakuru siku ile, mguu mmoja nje ya gari. Miaka yote hii alikuwa amemwona Valéry kama mtu aliyefungwa na mama yake, ambaye angekuja kama angeweza. Sasa alimwona akizima simu, akimtuma Shakuru, na kuendesha gari kuelekea Gitega huku amefungua redio.

Angeweza kuinuka pale pale. Hakuinuka. Mpango wake ulikuwa umekaa sawa kuliko alivyotarajia. Alichotakiwa ni kusema neno moja tu.

"Sawa," alisema. "Fanya hivyo."

Akambusu kwenye shavu, akala wali mtupu.

Wiki iliyofuata alikwenda kuungama. Padri Léonce alikuwa mzee mwenye kikohozi, na Jumapili ya kwanza ya Kwaresima alikuwa amehubiri kwamba shetani hakumwendea Yesu jangwani na rungu. Alimwendea na mkate, kwa kuwa alijua ana njaa. Jaribu, alisema, halibishi hodi kwa jina lake. Linabisha hodi kwa jina la kitu unachostahili. Lisette alikuwa amelisikia hubiri lile akafikiri linawahusu walevi.

Kwenye kitubio alitaja hasira, uvivu wa sala, maneno makali kwa wateja. Habari za gari jeupe hakuzitaja.

"Mwanangu, umefunga nini Kwaresima hii?" aliuliza.

Lisette akamtajia: nyama, bia, sukari.

"Vizuri. Na unakula nini?"

Alielewa swali. Alipokea kitubio chake cha sala, akatoka akiwa na hasira na mzee yule, kwa sababu si yeye aliyesimama katika hema lile, wala si baba yake aliyeshukuru wageni kwa lugha ya kujifunza.

Siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi, saluni ikiwa tupu, aliingia msichana mrefu aliyecheka na kuziba mdomo kwa kiganja. Alisema ni muuguzi, kwamba mwenzake wa kazini amemwelekeza kwa fundi wa Kanyosha, na kwamba anataka rasta ndogo ndogo zitakazokaa mpaka baada ya Pasaka, maana ana siku yake kubwa.

Lisette hakuhitaji kuuliza jina. Alikuwa ameuona uso ule kwenye simu ya Valéry.

"Karibu, dada. Keti," alisema, akamvutia kiti.

Alimwosha nywele, akamkausha, akaanza kuzigawa kwa kitana. Kulikuwa na raha mbaya katika kazi ile. Shingo ya Ingrid ilikuwa imeinama mbele yake, imejiachia kama ya mtoto, haijui lolote. Lisette alianzia nyuma, msuko baada ya msuko, akiwaza: zisuke vizuri; atakapokuwa ameketi akingoja, awe mzuri.

Ingrid alikuwa msemaji. Alisema mchumba wake ni mtu mpole, mkimya kidogo, huenda ni kazi. Alisema mama mkwe anatisha lakini atazoea. Kisha akaanza habari za baba yake, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa na kicheko ndani. Mama yake alifariki akiwa bado hajaanza shule, na mzee Darius hakuoa tena. Alimlea peke yake, akajifunza hata kumsuka, vibaya sana.

"Papa ana kigugumizi," alisema. "Mbele ya watu hawezi kumaliza sentensi. Wajomba wamemwambia watatafuta msemaji wa kumsaidia siku ya gusaba. Amekataa."

Vidole vya Lisette vilikwenda polepole.

"Amekataa?"

"Kabisa. Anasema binti ni wake, atamsemea mwenyewe. Sasa kila siku anakwenda nyuma ya nyumba, anawahutubia kuku." Ingrid alicheka, kisha akafuta jicho kwa kidole. "Jana nimemsikia amemaliza methali nzima bila kukwama. Nikajifungia chumbani nikalia."

Msuko ulimponyoka Lisette mkononi, ukafumuka. Aliuokota akaanza upya, ukafumuka tena. Kwa Kwaresima yote, kila alipolifikiria hema lile, alimweka Mama Consolate ndani yake. Hakuwahi kujiuliza litasimamishwa uani kwa nani. Sasa aliliona: viti vya kuazima, watoto wanaosinzia, gari moja linalokuja jioni, na mzee mwenye kigugumizi akisimama kuwashukuru wageni, neno moja likimkwama kooni, likikataa kutoka, watu wote wakingoja limalizike.

Aliweka kitana mezani.

"Dada Ingrid," alisema, "mi naitwa Lisette. Binti wa Byamungu."

Jina hilo halikuwa na maana kwa Ingrid. Ikabidi aambiwe. Lisette alisimama nyuma ya kiti akamweleza akimwangalia kwenye kioo: hema la kwanza, Shakuru, miaka ya kimya, Jumatano ya Majivu, gari jeupe, ufukwe wa ziwa. Alimweleza alichopanga Valéry siku ya Jumamosi, na nani aliyemwambia sawa. Hakujipunguzia kitu. Alipomaliza, nje kulipita muuza maembe akinadi, sauti ikaja ikaondoka.

Ingrid alikuwa amekaa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Ulipokuwa unaniosha nywele," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu uliposimama mlangoni."

"Na ulikuwa unanisuka ili nipendeze pale hemani."

"Ndiyo."

Lisette alingoja atukanwe. Angeona nafuu kutukanwa. Lakini Ingrid alikaa akiitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo, na alipozungumza tena alikuwa mtulivu kwa namna ya kuogofya.

"Unampenda?"

"Nampenda," alisema Lisette. "Na si mutu wa kupendwa."

Ingrid akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka kwenye kiti, akamshika Lisette mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba bado wana wakati. Valéry hajui kwamba wao wawili wameonana. Lisette amwambie tu amebadili mawazo, amwambie aende kwanza amridhishe mama, mengine baadaye. Mtu mwoga huchukua njia iliyo rahisi, atakwenda. Mzee Darius ataambiwa ukweli mapema, hakutakuwa na hema wala kuku wa kuhutubiwa. Na Jumamosi ile Mama Consolate atashuka kutoka Kiriri na magari yake, wazee wake na hariri yake, wakute geti limefungwa kwa kufuli.

"Wasimame barabarani juani," alisema Ingrid. "Watu wapite wawaangalie. Yeye mwenyewe, si mutu mwingine. Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho hicho hasa. Hakuna aliyeumia bure humo. Hata baba wa mtu hakuwamo. Lisette aliiona hariri ikiteleza begani, vumbi likipanda juu ya viatu, simu zikitolewa kupiga picha. Mate yalimjaa kinywani kama siku ile ya mishikaki, na wakati huu hakukuwa na kosa analoweza kulionyesha kidole. Alikuwa na haki. Mungu mwenyewe, ilionekana, alikuwa amemletea haki hiyo mpaka kwenye kiti cha saluni yake.

Akakaa kwenye benchi.

"Naitaka," alisema. "Nisikudanganye. Naitaka hivi tunavyoongea."

"Basi."

"Apana. Kwaresima yote nimekula kitu hiki, dada. Asubuhi nakula, jioni nakula. Na bado nina njaa. Nikikubali, Jumamosi nitashiba mpaka jioni. Jumapili nitaanza kutafuta nani mwingine."

Ingrid aliuachia mkono wake. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka sasa, bila sauti, na Lisette hakuthubutu kuyafuta. Akamwambia tu kwamba kama ataruhusu, atammalizia nywele, maana hawezi kutoka barabarani vile. Kama hataruhusu, zipo saluni nyingine hapo jirani. Ingrid akageukia kioo.

"Maliza."

Lisette alikuwa amerudi kwenye misuko alipoingia Houda, muuza vitenge wa jirani, aliyekuja kungoja zamu yake. Aliziona nyuso zile mbili, akaketi mwisho wa benchi, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Na Houda hajakaa vizuri, gari jeupe likasimama nje.

Valéry aliingia akitabasamu, funguo zikining'inia kidoleni. Tabasamu lilibaki usoni baada ya maana yake kuondoka. Alimwangalia Lisette, akamwangalia Ingrid kwenye kioo, na Ingrid, kutoka kwenye kioo hicho hicho, akamwangalia yeye.

"Karibu," alisema Ingrid. "Keti hapo. Lisette ananimalizia nywele. Halafu utanipeleka nyumbani, utamwambia papa kwa kinywa chako. Si kwa kinywa cha Shakuru."

"Lisette," alisema Valéry, "uliniambia..."

"Nilikudanganya," Lisette alimjibu. Mikono yake iliendelea kusuka. "Ungewaacha pale na aibu yao, ukaja kwangu, na mi ningekufungia mlango. Ndivyo nilivyopanga. Naomba unisamehe kwa hilo."

Uso wa Valéry ulimwiva. "Na kule ziwani? Ulivyonishika mkono?"

Houda aliacha kutafuta mkobani. Lisette alisuka msuko mmoja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Ile ilikuwa kweli."

"Basi nitakwenda kwa mzee Darius. Nitakwenda leo. Nitamwambia na mama. We uningoje tu, Lisette. Baada ya Pasaka..."

Alikuwa amesogea, na sauti yake ilikuwa ile inayomwingia mtu mahali pasipo na mlango. Lisette aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimpenda. Alijua pia kwamba angeweza kumngoja, na kwamba angekuwa anamngoja maisha yake yote.

"Nilikungoja," alisema. "Papa alikungoja amevaa suti. Mimi na we tumemaliza. Pasaka ikifika usinitafute. Nenda kwa papa wangu kama unataka kumuomba msamaha, mlango unaujua. Lakini kwangu, apana. Sasa keti, unamuzibia dada mwangaza."

Valéry aliketi. Hapakuwa na pengine isipokuwa karibu na Houda, kwenye benchi fupi, magoti yakimfika kifuani. Na hapo akangoja. Wanawake wa mtaa walipita mlangoni, wakachungulia, wakamjua, wakapita, wakarudi wawili wawili kununua kitu ambacho hakikuuzwa hapo. Simu yake iliita, jina la mama yake likawaka, akaizima. Akafuta jasho. Akaangalia viatu vyake.

Lisette aliyaona yote hayo kwenye kioo, na utamu wa zamani ukamrudia wote, ukampanda kutoka tumboni mpaka ncha za vidole. Nusu ya kichwa ilikuwa bado haijasukwa. Angeweza kuzigawa nywele nyembamba zaidi. Angeweza kufumua msuko uliokuwa sawa akaurudia. Angeweza kumkalisha mtu yule pale mpaka jua ligeuke, na hakuna padri duniani ambaye angeiita dhambi, kwa sababu ilikuwa kazi yake tu, na kazi nzuri haina haraka. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kwenda polepole.

Alivisimamisha. Akavuta pumzi, akagawa nywele mafungu manene kidogo, akamwuliza Ingrid kama atakubali hivyo. Ingrid alimtazama kwenye kioo, akaelewa, akasema sawa.

Lisette akasuka haraka, haraka kuliko alivyowahi kusuka maishani mwake, machozi yakimdondokea mikononi bila kuyafuta. Akachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo, akamfungua Ingrid kitambaa cha mabegani.

"Tayari," alisema. "Nendeni."